Gari la Bibi Harusi Halisimami

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Miyuji tu wazima. Shangazi yako amevuna uwele, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kama kuna neno, maana gari la zamani mlilokodi kwa harusi yako linanuka petroli, na fundi amesema ndiyo kawaida ya magari ya enzi hizo. Nimekasirika mpaka chai imenipoa mkononi. Kawaida ya nani? Petroli ikinuka, ujue inavuja. Mpira unaopitisha mafuta ukizeeka hupasuka, mafuta yakadondokea injini ya moto. Na mpira mpya unauzwa dukani.

Siku ya harusi yangu nilisikia harufu hiyohiyo tukitoka Chang'ombe. Nikamwambia dereva asimame. Msimamizi wangu akanifinya: "Bibi harusi hasemi, na gari lake halisimami njiani. Ni mkosi." Kisha akanyunyiza marashi. Marashi, Neema, juu ya petroli. Gari lilipopunguza mwendo kwenye tuta, nikafungua mlango nikashuka. Wakalazimika kushuka wote kunirudisha, na walikuwa bado wananigombeza pale boneti ilipowaka moto.

Nilifika kanisani kwa miguu, gauni limejaa vumbi, na wapo waliosema nimeileta nuksi ndoani. Nuksi yenyewe ndiyo hii inayobishana na redio. Inakusalimu.

Wabadilishe mpira, au uende kwa miguu. Nitakushika mkono mwenyewe.

Bibi yako