Alama Alizoacha Baba Yako

Salmini,

Maharage yako jikoni, usiyaunguze. Ukisikia sukari imefika duka la ushirika, kapange foleni.

Nimekwenda Gongoni kwa fundi saa kuulizia betri. Nyumbani hapakaliki leo. Asubuhi umetoa betri zilizokuwemo kwenye gemu ya mkononi ya zamani ukazitia kwenye mpya aliyotuma baba yako kutoka Maskati, na zile alama mia tisa na sita alizotuachia humo zikafutika. Mwaka mzima nazikimbiza.

~~Hiyo mpya usiiguse.~~ Cheza tu. Ina vioo viwili, lakini jana ilinipigisha miayo. Ile ya kioo kimoja hunitetemesha vidole mpaka leo.

Halafu, mpya baba yako ameituma tu. Ya zamani aliicheza, hapa mezani.

Mama yako