Blanketi Juu ya Bunduki ya Bwana

Kambi ya Wafanyakazi,
Dundori, Nakuru.
9 Mei, 1954

Mpendwa kaka yangu Kiprugut,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Habari za Magadi na lile joto lenu? Mgongo wako je, umeacha kukusumbua? Sisi hatujambo, ila mtoto wa Kipkorir alikohoa sana mwezi uliopita. Sasa ananyonya mpaka mama yake Jeruto analalamika. Amechukua kichwa cha baba yetu, kikubwa na kizuri.

Kaka, wewe ulisema Kipkorir hatafika mbali kwa sababu ya upole wake. Leo ndiye dereva wa Land Rover ya Bwana, na katika shamba hili lote ni yeye tu anayeaminiwa kubeba bunduki. Sisemi kwa kuwa ni mwanangu. Muulize yeyote.

Ni bunduki ndefu ya kufukuza nyati. Kitako chake cha mti kilipasuka, na Bwana amevunjika mguu, basi akaomba ruhusa kwa polisi ili Kipkorir aipeleke kwa fundi Nakuru. Unajua nyakati hizi za Hali ya Hatari. Mtu mweusi akikutwa na bunduki ambayo haieleweki, ananyongwa. Mimi usiku huo sikula.

Lakini ungemwona kijana wako! Risasi hakubeba hata moja. Kile chuma cha kufungia risasi alikitoa akamwachia Bwana, akaniambia, "Mama, bila hiki ni bomba tu." Bunduki akaitia kwenye mfuko wake wa turubai, akaifunga kwa mikanda ubavuni mwa gari, mdomo umeelekea nyuma, mahali ambapo askari ataiona mara moja. Cheti cha polisi kimeandikwa hivyo hivyo: iko wazi, haikufichwa.

Bwana alituruhusu tupande nyuma, tumpeleke mtoto hospitali. Tulikuwa mimi, Jeruto na mama yake, Chepkurui. Sasa Chepkurui alipoiona bunduki alikataa mjukuu wake atazamwe na kitu kilichoua. Akavua blanketi lake, akaifunika, akaiegemea kabisa. Mimi nilikuwa nahangaika na mtoto, sikufikiria.

Kipkorir huwa anakagua gari kabla hajawasha. Siku hiyo alikuja mpaka mlango wa nyuma, akamwona mama mkwe wake amekaa pale, akainamisha macho akarudi mbele. Angefanyaje? Unazijua heshima zetu. Hawezi kuinama juu ya mama wa mke wake akapapasa kando ya mbavu zake.

Kabla ya Lanet tukakuta kizuizi cha askari. Kipkorir akazima gari, akaweka mikono juu ya usukani, akasema mwenyewe kabla hajaulizwa, "Afande, nina bunduki ya Bwana. Iko nyuma, wazi, haina risasi. Cheti kiko mfukoni, naomba ruhusa nikitoe."

Askari mmoja, Wamalwa, akaja nyuma kutazama. "Wazi iko wapi? Mimi naona wamama tu!" Kisha akaona mkanda umetokeza chini ya blanketi. Akapiga kelele, na afisa mzungu akaja mbio na bastola mkononi.

Wakamleta Kipkorir nyuma. "Vuta hilo blanketi!"

Kaka, mwanangu alisimama kama mti. Mkono ulikwenda nusu, ukarudi. Chepkurui naye ameganda, hasogei. Afisa akasema, "Unaona? Anaogopa. Anajua alichoficha." Nikasikia bastola ikikokiwa, ka!

Nilimpa Jeruto mtoto, nikamsukuma Chepkurui kwa bega, nikalivuta lile blanketi mimi mwenyewe polepole, mikono yangu ikionekana.

Wamalwa akamgeukia Chepkurui. "Wewe mama, unalalia bunduki kama kuku na yai?"

"Nimemfunikia mtoto! Kwani kwenu watoto hutazamana na bunduki?"

Afisa akamuuliza Kipkorir ni nani aliyeificha. Angeweza kunyoosha kidole. Akasema, "Dereva ni mimi, bwana. Kukagua gari ni kazi yangu, na sikukagua." Wakamkalisha chini kwenye changarawe, mikono kichwani, wakaifungua bunduki. Wakatafuta kile chuma, hakipo. Wakatafuta risasi mpaka kwenye nepi za mtoto. Wakapiga simu kwa Bwana. Mwisho afisa akamrudishia cheti, wala hakusema pole.

Mbele kidogo Kipkorir alisimamisha gari akatapika. Halafu akaifunga bunduki upya, na Chepkurui alishuka mwenyewe akaenda kusimama mbali, ampe nafasi.

Sasa fundi amemaliza, na Bwana amesema Kipkorir akaichukue Jumamosi. Hataki mtu mwingine. Mimi nimeshamwambia Chepkurui abaki na mjukuu wake. Nitapanda nyuma peke yangu, bunduki iwe wazi, na askari akisema guseni hiki, ondoeni kile, awepo mtu asiyekatazwa na heshima yoyote. Siku hiyo utuombee, kaka.

Nisalimie shemeji Jebet na watoto, na mzee Kimaiyo. Mungu akulinde kazini na akurudishe kwetu mzima.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,

Chepkemboi