Tangu Lini Kuchunga Ndama Ni Mateso?

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa 6, 2024

Mjukuu wangu Délice amerudi kutoka masomo, macho inang'aa. Mwalimu Jean-Marie amewafundisha juu ya wakubwa wa dunia walioteseka wakiwa watoto. Ati Mandela alifiwa na baba, akachunga ndama na kondoo. Ati Linkolni wa Amerika alizaliwa mu nyumba ya miti, chumba kimoja, kisha mama akamufia.

Nikamuuliza: huyo Mandela, mateso iko wapi hapo?

— Si alichunga ndama, Nyogokuru!

Mama wee! Minye nilichunga ndama kule milimani, na mama yangu, na mama yake. Mutoto asiyeaminiwa hapewi ndama. Hapewi hata kuku! Nimepepeta mchele kwa hasira mpaka nusu imeliwa na kuku wa jirani.

Alhamisi, tarehe 6

Kumbe kuna jambo nyuma ya hayo masomo. Wageni wa shirika fulani wanakuja. Wako na nafasi ya interna kule Bukavu, kula, kulala, kusoma, yote juu yao. Nafasi moja! Kila mutoto wa darasa anaandika maisha yake. Aliyeteseka kupita wenzake, kama wale wakubwa, njo anaenda.

Nikasema: weye ni wa kwanza mu hesabu, wakupe kwa hesabu. Akajibu hesabu hawaulizi.

Hawaulizi! Mwenye akili akae, mwenye kilio apite.

Lakini nataka aende. Huyu mutoto anataka kuwa daktari tangu meno ya kwanza inang'oka. Hapa Rugenge nani atamufikisha?

Siku ya Mungu, tarehe 9

Nje ya kanisa jirani yangu Marie ananishika mkono. — Mama Ngoga, pole sana. Kumbe munalala ndani ya maji?

Maji gani?

Binti yake Noella iko darasa moja na Délice, amemusikia akisoma mbele ya wote. Ati analala chini, maji ya ziwa inamupiga mgongo. Ati ni yatima wa baba na mama — na mama yake Uwamahirwe iko mzima kule milimani na wadogo zake, juzi tu amepiga simu! Ati analelewa na kizee kipofu.

Kipofu! Minye!

Marie anacheka ndani ya kitenge. — Lakini kipofu, leo kanisani umeniona na kunifukuza kwa kiti chako ungali mlangoni.

Nyumbani nimeweka ugali na ndagala mbele ya Délice. Kula, yatima. Akalia.

— Nyogokuru, Noella ameandika baba yake amekufa. Nikisema kweli, nani atanisikia?

Baba yake Noella! Anauza mawese pale sokoni, na tumbo kama pipa! Kesho nitamupa Marie pole ya kufiwa.

Kisha Délice akasema polepole: — Na baba yangu, si alikufa kweli?

Mutoto wangu Ngoga alikufa kweli. Na maji iliingia kweli, mwaka ule ziwa ilifurika, tukalala kanisani. Lakini ukuta huu nani aliukandika upya? Hiyo hakuandika.

Jumanne, tarehe 11

Nimeenda kumuona mwalimu. Minye niliishia darasa la pili, sikuogopa tai yake. Nikauliza: Mandela alipofiwa na baba, nani alimulea?

Akasema mukubwa wa kabila alimuchukua kwake, akamulea pamoja na mutoto wake.

Na Linkolni?

— Mama wa kambo. Alimupenda sana.

Sasa hao umewaacha wapi, mwalimu? Mateso inapika ugali? Mateso inafua uniforme?

Hakukasirika. Hiyo imeniudhi zaidi. Akasema: — Mama, sikupanga minye. Wageni hawatoi nafasi kwa ajili ya mama wa kambo. Kisha akashusha sauti: Délice amechaguliwa. Ijumaa wanakuja kuona nyumba. Ukisema si kweli, nafasi inaenda kwa mwingine.

Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, tarehe 14

Tangu asubuhi Délice ametoa rido za milango, amebeba matela ya kulalia mpaka kwa Marie. Ati nikae, nisiangalie mtu. Nyumba yangu iko kama imeibiwa.

Pikipiki imefika kutoka Runingu na kibuyu cha maziwa, mutoto wangu Mugabo anatuma kila Ijumaa. Délice amepiga magoti. — Nyogokuru, ficha kibuyu! Nyumba yenye maziwa si nyumba ya mateso.

Nimekificha chini ya kitanda. Minye, Mukarusanga! Nimeficha maziwa kama mwizi.

Sasa wameingia. Wageni watatu na mwalimu, wamekaa mu salo ya mbele, jasho inawatoka. Kwetu mgeni hakai mdomo mkavu. Hata muntu uliyegombana naye, kwanza anakunywa, ugomvi baadaye. Nimewaambia natafuta kitenge, nikaingia chumbani nikipapasa ukuta. Niandike la sivyo nitapiga kelele. Mlango hauna rido — mgeni akigeuka ataona kipofu anaandika!

Délice ananiona. Anatikisa kichwa: hapana, hapana.

Mama mmoja wa shirika anauliza: — Bibi anaona hata kidogo?

— Haoni kabisa, Délice anajibu.

Yule mama anamunong'oneza mwalimu. Masikio yangu hawajayaua bado! Anasema: — Maskini. Hata maji ya kumupa mgeni hawana.

Mwalimu anasema ndiyo.

Ndiyo?!

Nimevuta kibuyu kwa mguu. Kimejaa. Délice ameona. Ameacha kutikisa kichwa — mutoto amefumba macho yake mwenyewe, mikono juu ya magoti, na mama yule anaendelea kumupa pole. Basi, kalamu chini: nabeba kibuyu, wageni watakunywa.