Uso Wangu kwa Ratiba Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa ngozi. Alimulika mashavu yangu kwa taa, kisha akanieleza kwamba makovu yangu ya chunusi ni ya aina mbili: mapana, na yale yanayochimba. Leza itayapunguza mapana. Hayo mengine ni makaidi. "Utapata nusu ya unachokitaka," alisema. Jibu safi. Akaongeza kwamba ngozi nyeusi ikichokozwa huweza kulipiza kwa madoa meusi zaidi. Kwa hiyo amejaribu kwanza sehemu ndogo chini ya sikio la kushoto. Tutajua baada ya mwezi na ushei.

Sijamwambia mtu. Nimelitaka jambo hili tangu shuleni, waliponibandika jina la Chekeche — nami nikaitika!

Alhamisi, 6 Machi

Mkurugenzi ameniita. Ramani yetu ya maeneo ya mafuriko itazinduliwa kwenye runinga katikati ya Aprili, na mimi, niliyeikagua mstari kwa mstari, ndiye nitakayeieleza. Kisha yakaja maneno ya pembeni: kamera za siku hizi hazina huruma, ofisi ina sura yake, wapo wataalamu wanaorekebisha "vitu vidogo vidogo." Akajipapasa shavu lake mwenyewe, laini kama sahani. Nikiona uzito, naibu wangu atasoma maelezo badala yangu.

Naibu wangu husoma vizuri sana asichokielewa. Mtangazaji akimbana kwa nini mtaa wa chini ya soko umo ndani ya mstari mwekundu, ataomba radhi na kuutoa. Na watu wa mtaa ule watalala usingizi wasiostahili kuulala.

Nimetoka na hasira ya aina mpya. Nilichokitamani kwa siri miaka yote hii, huyu amekigeuza agizo. Nikifanya, nimetii. Nisipofanya, bado ni yeye aliyeamua. Wizi mtupu!

Jumapili, 9 Machi

Dada yangu mkubwa ameiona plasta chini ya sikio. Nikakiri. "Chunusi zenyewe zilishakufa zamani, mdogo wangu, wewe bado unaziitia vikao?" Kisha hotuba: uso huu ndio tuliouzoea, jikubali. Nikamuuliza ataacha lini kupaka nywele rangi. "Aa, hiyo ni tofauti."

Wapo wanaotaka nijirekebishe kwa starehe yao. Wapo wanaotaka nijikubali kwa starehe yao. Sioni kambi iliyoniuliza.

Jumatano, 26 Machi

Kipeperushi cha uzinduzi kimetoka. Wamenilainisha pichani kwa chombo cha kompyuta! Kovu hata moja halimo; na kwa kuwa chombo hicho hakina akili, kimeondoka pia na mkunjo wa kando ya mdomo niliorithi kwa mama.

Mwezi uliopita nilimrudishia mchoraji wetu wa ramani karatasi nzima kwa kosa hilo hilo. Alilainisha ardhi ili ramani ipendeze, akafuta machimbo ya kokoto ambamo maji hutuama. Nilimwandikia pembeni: "Shimo lipo."

Mlinganisho unanikodolea macho. Siupokei. Uso si ramani. Hakuna atakayezama shavuni mwangu. Naweza kutaka mashimo yangu yapungue, na bado nikakataa kusemewa kwamba hayajapata kuwapo.

Jumanne, 8 Aprili

Chini ya sikio hakuna doa. Daktari anashauri tungoje runinga ipite: kwa siku kadhaa uso utavimba, utatoa maganda, na hautapakwa kipodozi chochote. Nikasema: keshokutwa. "Lakini Jumatatu si ndiyo unaonekana na nchi nzima?" Ndiyo. "Umenisikia nilichosema?" Neno kwa neno.

Ningefanya mapema, ningekuwa nimempendezesha mkurugenzi. Nikifanya baadaye, nimemngoja. Inabaki siku isiyomfaa yeyote ila mimi. Huenda hiki ni kiburi tu kilichovaa miwani. Nimekichunguza, kimo. Hakibadilishi hitimisho.

Ijumaa, 11 Aprili

Inauma. Miwani haikai. Dada amenipaka mafuta ya daktari kwa ncha ya kidole, pumzi ameibana. "Kama mtu aliyegombana na pasi," akasema. Vikao hakuvitaja.

Jumatatu, 14 Aprili

Naandika studioni, nyuma ya pazia, daftari gotini. Mashavu yote maganda ya kahawia.

Mkurugenzi aliponiona alishika kichwa. "Umenifanyia makusudi!" Nikamjibu kwamba nimeufuata ushauri wake kikamilifu. Akamwita naibu, ambaye alikuwa karibu mno, tai imenyooka, nakala mkononi. Nikamuuliza naibu mbele yake: mtaa wa chini ya soko umo ndani ya mstari kwa sababu gani? Akafungua ukurasa wa kwanza. Bado anafungua.

Mpambaji amekuja na brashi ya poda. "Kaka, kidogo tu, nikuzibezibe." Hapana. Daktari amekataza, na mimi pia. Amemtazama mkurugenzi, mkurugenzi anatazama saa. Taa zimewashwa, na joto lake linaipata kila nukta iliyochomwa.

Mbele ya ramani kuna kiti kimoja. Fundi wa sauti amesimama kati yetu na kipaza sauti kimoja, anauliza kinabandikwa kwa nani.

Nimefungua kifungo cha kola, akibandike hapa.