Upepo Niliokataa Kupunguza

Kwako shemeji Wanjala, popote ulipo huko Uganda, ng'ambo ya mto Lwakhakha,

Mimi si mtu wa barua. Shule niliachia darasa la pili, siku niliyompiga mwalimu. Lakini hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na katekista ataisoma mbele ya watu Jumapili, kisha nakala yake nitaibandika mlangoni pa duka langu la pancha, kila dereva aione. Usiichane kabla ya kufika mwisho. Hasira yako naijua, hata jino langu la mbele liliijua.

Unakumbuka mnada kwa yule mzungu aliyekuwa anahama shamba nje ya Kitale, miaka ile ya themanini? Boti mbili za kujaza upepo zililazwa kwenye nyasi. Moja nyekundu, mpya, inang'aa kama gari la harusi. Ya pili ya kijivu, kuukuu, viraka kama suruali ya mlevi. Mimi nikashika nyekundu. Wewe ukapiga magoti kwa ile ya kijivu, ukaweka sikio kwenye valvu moja baada ya nyingine.

"Shemeji, hii ina vyumba vinne," ulisema. "Kimoja kikipasuka, vitatu vinatubeba. Hiyo yako ni pumzi moja tu. Ikitoka, tumekwisha."

"Wewe ni mtu wa kufunga manyoya ya kuku kwenye ndoano," nikakujibu. "Mambo ya mpira niachie mimi."

Ukaendelea kusikiliza valvu zako. Hiyo dharau ndiyo ilinichoma. Nilikukaba shingo, ukanipiga kichwa, jino likaenda. Tulibiringishana mpaka kwenye meza ya vyombo, sahani zote za mzungu chini. Dalali akapiga kelele, "Nyinyi mnanunua boti ama sahani?" Tulinunua ya kijivu kwa sababu wewe ndiye ulikuwa umenikalia kifuani.

Kuitengeneza ndiko kulikuwa na raha, bana. Tulikata mabomba ya maji tukayaunga kuwa fremu ya kukaa juu ya mpira. Ulinilazimisha nivalishe kila ncha kipande cha tyubu, ati chuma kisile boti. Mbele ukaweka kiti na mti wa kuegemeza mapaja, mvuvi asimame arushe uzi bila kuanguka. Hapo mbele hukutaka hata msumari mmoja uliochomoza, uzi usinaswe. Nanga ilikuwa diski ya plau ndani ya gunia. Kamba yake ukakataza fundo, ukachomeka kisu kando yake. "Mto ukikasirika, tunakata." Makasia matatu, mawili ya kazi, moja la akiba. Na manyoya ya kufungia ndoano, samaki adhani ni mdudu, ulimnyonyoa jogoo wa dada yako, mke wangu, mpaka akabaki shingo tupu, Nasimiyu akakufukuza na mwiko hadi barabarani!

Sasa ile siku ya mto Nzoia. Asubuhi ilikuwa baridi. Niliijaza kwa kompresa ya duka mpaka ikalia kama ngoma. Nikaipiga ngumi, ikanirudishia ngumi.

"Shemeji, punguza upepo," ulisema. "Jua likipanda, upepo unavimba."

"Mimi hujaza lori zote za mahindi kutoka Kitale mpaka Bungoma. Ni tairi gani imewahi kunipasukia?"

"Hii si tairi."

"Panda ama ubaki."

Ulipanda. Saa saba tuliivuta nusu juu ya mawe ili tule. Yale mawe yalikuwa yanaunguza nyayo. Wewe ulikaa mbele kwenye kiti chako, unafunga unyoya mpya kwenye ndoano. Ukasema tena, pole pole, "Shemeji, valvu." Nikakupa mgongo nikaendelea kutafuna.

Ililia kama bunduki. Chumba cha mbele kilipasuka, bomba likaruka likakuvunja taya, na ile ndoano mkononi mwako ikaingia jichoni. Boti ikateleza ikaingia mtoni na wewe ndani, damu mpaka kifuani. Maji yakabamiza ubavu wake kwenye mwamba mara ya kwanza, mara ya pili. Niliruka. Hilo sitaacha kulisema mpaka nife: niliruka! Mto ukanigonga mbavu kwenye jiwe, mbili zikavunjika, nikauma kamba ya boti kwa meno yaliyobaki. Lakini si nguvu zangu zilizotutoa. Vyumba vyako vitatu ndivyo vilitubeba sisi wawili.

Hospitalini daktari akauliza kulitokea nini. Wewe taya ilikuwa imefungwa kwa waya, huwezi kusema. Mimi nikasema, "Jiwe. Huyu aliipeleka boti kwenye jiwe." Nikayasema Misikhu, nikayasema sokoni Bungoma, na kila nikisema lile jiwe linakua. Wageni uliokuwa unawapeleka kuvua samaki wa trauti mlimani wakakukataa, ati huyo haoni mwamba. Jicho lilikwenda, kisha kazi ikafuata.

Waya zilipotolewa ulikuja dukani na lile kasia la akiba. Hata hujambo hukusema. Ulinivunja mkono wa kushoto, ukatupa kasia chini, ukavuka mpaka. Watu niliwaambia jeki iliteleza.

Chumba kilichopasuka nilikitoa kwenye boti nikakificha chini ya matairi makuukuu, miaka yote hii. Kiangazi hiki dada yako alikuwa anafagia, akakivuta nje. Akapitisha kidole kwenye ule mpasuko.

"Mzee, jiwe hupasua kutoka nje," alisema. "Hapa hakuna hata mkwaruzo. Hii imefumuka kwenye mshono."

Nikaanza kufoka. Akanipiga na pampu ya baiskeli begani, kisha usoni, huku analia, "Kaka yangu! Kaka yangu nimemdhania mjinga!" Badala ya chakula cha jioni aliniwekea karatasi na kalamu juu ya sahani.

Basi wasikie wote. Hakukuwa na jiwe. Wanjala alisema punguza upepo, akasema mara mbili, nami nikakataa. Jicho lake mimi ndiye nililitoa.

Chumba nimekishona, nikakipaka gundi ya solusheni, kiraka ndani na kiraka nje, nikakirudisha mahali pake. Jana niliijaza boti nzima kwa pampu ya mkono, nikaachia pale mpira unapobonyea kwa kidole gumba. Madereva wananicheka, "Mzee, siku hizi nguvu zimekwisha?" Nawaacha wacheke. Saa sita nikatoka nje kwenye jua, nikapunguza tena.

Iko mbele ya duka inakungoja. Na kama utakuja na ile hasira yako, lile kasia nimelisimamisha mlangoni. Mkono wa kulia bado ni mzima.

Ni mimi shemeji yako,
mume wa Nasimiyu.