Mama Mkwe Anahama kwa Sababu ya Mkono wa Roboti

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na ujue tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa kuandikia magazeti, mimi ni mtu wa kazi, nina karakana ya vioo na fremu za alumini niliyoianza mwenyewe kwa kufuta madirisha ya watu, ndoo moja na kitambaa kimoja, na leo nina mafundi sita, hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo nikisema kitu ni kibovu najua ninachosema, maana kioo chenye ufa hakitoki mlangoni kwangu hata mteja alie.

Tatizo langu ni mama mkwe, lakini si kama unavyofikiri. Hanisemi kwa majirani, hafunui sufuria zangu, hajawahi kuniuliza wajukuu wako wapi. Tatizo ni tamthilia.

Mume wangu hufunga majenereta makubwa viwandani, anaondoka wiki tatu, anarudi siku chache, anaondoka tena, na mwaka jana alimleta mama yake akae nasi kwa ajili ya goti lake, akamkalisha kwenye kochi, akaniambia "mtazoeana", akapanda gari. Mtazoeana! Kama viatu! Miezi miwili ya mwanzo mazungumzo yetu yalikuwa hivi: "Umeamkaje, mama?" "Salama, mwanangu." "Goti?" "Lipo." Basi. Ungeweza kuyaandika nyuma ya stempu na nafasi ikabaki.

Halafu Jumapili moja nikawasha televisheni ili chumba kisinielemee, ikatokea tamthilia ya kisayansi ya kubuni, meli ya angani imepotea mbali na dunia, kuna nahodha mwanamke mkali, kuna daktari, kuna roboti mpishi mwenye roho nzuri kuliko watu wote humo ndani, na mama akaangalia hadi mwisho, akasema, "Huyu nahodha simpendi, lakini ana haki." Nilishtuka. Sikujua ana sentensi ndefu hivyo. Kesho yake nikaitafuta mtandaoni, tukaangalia tena, na keshokutwa, ikawa ndiyo ratiba ya nyumba, chakula, vyombo, meli.

Lakini mshauri, tamthilia hiyo ina misimu minne, episodi themanini na nne, na si zote zilitengenezwa na watu waliolala vizuri. Episodi ikiwa nzuri hakuna shida, mama ananyamaza, nami nanyamaza, chai inapoa mezani, tunakaa kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali, ikiisha anasema "haya, lala salama", kila mtu chumbani kwake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa mbovu, anavuta kapu la nguo safi na kuanza kukunja. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, anakunja shuka kona kwa kona mpaka unaona haya kuilalia, na akianza kukunja, anaanza kuongea. Juu ya sauti za wahusika!

Kuna ile ya lifti, kwa mfano. Dakika arobaini na tano watu wanne wamekwama kwenye lifti ya meli, ni dhahiri pesa za kutengeneza mandhari zilikuwa zimekwisha, na hapo hapo mama akanisimulia jinsi alivyowahi kufungiwa stoo ya mashuka, kitasa kilikatika, yeye na muuguzi mkuu aliyekuwa akitaka afukuzwe kazi, wakawa na chungwa moja tu, muuguzi akalimenya, akaligawa sawasawa, walipotolewa walikuwa wanaitana shoga yangu. Sikatai, kisa kizuri. Lakini wale wa kwenye lifti walitokaje? Sijui mpaka leo.

Kuna ile ya daktari wa meli, mtu msomi, anapenda mvuke.

"Mwanangu, huyu anapenda nini?"

"Mvuke, mama."

"Mvuke wa nini?"

"Wa kwenye sayari."

"Afadhali yeye. Mimi nilichumbiwa na mtu ambaye hata mvuke hakuwa nao."

Akanieleza habari za huyo mchumba wa kwanza, jinsi alivyokuja kujitambulisha kwao na suruali ya kuazima na mwenye suruali akaja nyuma yake kuidai, nikacheka mpaka chai ikanitokea puani, kochi likapata doa ambalo halijatoka. Hasara juu ya hasara.

Halafu kuna ile mbovu kuliko zote, nahodha amezirai, kila mtu anakaa kando ya kitanda chake anakumbuka mambo tuliyokwisha kuyaona kwenye episodi zilizopita, yaani wanakuuzia mara ya pili bidhaa uliyokwisha kununua. Mama alikuwa anakunja foronya. Bila kuniangalia akasema kwamba kabla ya kumzaa mume wangu alizaa msichana, akafika umri wa kusimama kwa kushika viti, kisha akaugua. Mume wangu hajui kwamba alikuwa na dada aliyemtangulia. Nilisimamisha picha, maana hata mimi nina moyo, mama akaniambia, "Bonyeza, mwanangu, tuone kama huyu nahodha ataamka." Nikabonyeza. Akaamka. Nani hakujua ataamka? Sura yake iko kwenye mabango yote!

Sasa mimi mtu wa hesabu nikakaa nikapiga hesabu. Kwenye mtandao kuna watu wamezipa alama episodi zote, nikasema yoyote iliyopata chini ya sita juu ya kumi hatuiangalii. Zikapatikana mbovu ishirini na tatu ambazo tulikuwa hatujaziona bado, mara dakika arobaini na tano, ni saa kumi na saba na robo za maisha yetu, na mama si kijana, nilifikiri nitamfanyia jambo jema. Sikutangaza. Alipokwenda kuoga nikaruka moja, tukaendelea na iliyofuata kama kawaida, dakika ya tatu roboti mpishi akaingia na sinia.

"Mkono wake mmoja uko wapi?" mama akauliza.

"Umekatika, mama."

"Umekatikia wapi?"

"Kwenye episodi mbovu. Nimeiruka. Haikuwa na maana yoyote."

"Mtu amepoteza mkono, haina maana?"

"Mama, ni roboti."

Nikaona bora nimweleze mpango wote, saa kumi na saba na robo, nikidhani atanishukuru. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye unayeamua kipi kimetokea na kipi hakikutokea." Akachukua kapu lake la nguo, akaenda kukunjia chumbani. Tangu hapo tumerudi kwenye "umeamkaje" na "goti lipo". Halafu juzi wifi yangu akanipigia simu: "Wifi, mama anahamia kwangu Jumamosi. Nimemwuliza sababu, ananiambia kuna mtu amekatwa mkono na wewe hukutaka aone. Huko kwenu kuna usalama kweli?"

Mume wangu anarudi Jumapili. Atakuta kochi tupu, na atauliza, na mimi nitamjibu nini, roboti?

Naongeza jambo dogo tu. Nimejaribu kuendelea peke yangu, nimechagua tatu zenye alama za juu kabisa, zile zinazosifiwa na kila mtu, na sikuona ladha, nadhani spika ya televisheni ina hitilafu, nimemwita fundi. Lakini swali langu ni moja na naomba jibu moja: mtu mwenye akili zake anaruhusiwa kuruka episodi mbovu au haruhusiwi?

Ni mimi, Mwenye Vioo.

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Vioo, pole na hongera. Pole kwa doa la kochi. Hongera kwa kuwa mtu wa kwanza kuniandikia kuhusu mama mkwe asiyefunua sufuria. Wapo wasomaji wangu ambao wangembeba mgongoni, goti na kapu lake pamoja, na wakakurudishia nauli.

Umeomba jibu moja, nakupa: ndiyo, unaruhusiwa. Ukiwa peke yako ruka zote themanini na nne, nenda moja kwa moja kwenye muziki wa mwisho, ukalale mapema. Mkiwa wawili, anayeruka huuliza kwanza. Wewe ulisubiri mama wa watu aingie bafuni. Hata wezi wa kuku wana aibu kuliko wewe.

Lakini wewe hukuniandikia ukurasa mzima kwa sababu ya ruhusa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, nami nimekuhesabia kitu. Episodi nzuri ulizonisimulia ni ngapi? Sifuri. Hizo zenye alama za juu, zinazosifiwa na kila mtu, hukumbuki hata moja ya kunieleza. Umenieleza lifti, umenieleza mvuke, umenieleza nahodha aliyezirai, yaani umenieleza takataka tupu, tena kwa ufundi, mpaka nimecheka hapa ofisini na mwenzangu wa ukurasa wa michezo akaniuliza nina nini.

Na kila uliponieleza takataka, mama alikuwamo ndani yake. Stoo ya mashuka iko kwenye lifti. Suruali ya kuazima iko kwenye mvuke. Mwanawe wa kwanza yuko kwenye ile uliyoiita mbovu kuliko zote. Wakati episodi ni nzuri mlikuwa, kwa maneno yako, watu wanaosubiri majibu ya hospitali, na ukaniambia hivyo ndivyo inavyotakiwa! Inatakiwa na nani? Na wale wa kwenye mtandao? Wao wanakaa na mama mkwe wako?

Mwanamke yule anajua kazi yake. Hawezi kukukalisha kitako akasema "sikiliza, nina jambo", kwa sababu akikukalisha hivyo, uso wako unakuwa mkubwa mno mbele yake. Anahitaji mikono iwe na shughuli na macho yako yawe mahali pengine, kwenye kitu ambacho hakuna hasara ukikikosa. Daktari anayependa mvuke anafaa sana. Wewe ukaja na mpango wa kumwondolea nafasi zote ishirini na tatu, ukazipigia hesabu hadi robo saa, ukamsomea, na ukasubiri shukrani. Ningekuwa yeye nisingengoja Jumamosi.

Spika yako haina hitilafu. Mwambie fundi asije.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Usimwendee na hotuba ya kuomba radhi, una mdomo wa kuuza madirisha na utaishia kumpa punguzo la bei. Fua. Fua hata ambazo si chafu. Anua nguo, zilete sebuleni bila kukunja, zimwage kwenye kochi, upande wenye doa. Washa ile episodi ya mkono. Kisha kamgongee, mwambie: "Mama, nataka kujua mkono umekatikia wapi." Hilo tu. Rimoti mpe yeye, na isirudi mkononi mwako mpaka akupe mwenyewe. Akiongea, usisimamishe picha. Yule nahodha ulipomsimamisha ulimwogopesha mtu aliyekuwa katikati ya njia, ndiyo maana alikuambia ubonyeze. Acha watu wa meli waendelee na upuuzi wao. Wewe kunja. Utakunja vibaya, atakunyang'anya shuka, na hapo utajua mambo yameanza kutengemaa.

Akishikilia kwenda Jumamosi, mbebee begi mpaka kwa wifi yako, na uende kumwangalia huko kila baada ya kazi mpaka wifi achoke na nyinyi wote wawili. Mume wako ukimwambia "ni roboti", utakuwa umesema kweli, mwache ahangaike nayo. La dada yake usimwambie. Mwenye kumwambia ni mama yake, kwa siku yake. Umeliandika gazetini, kwa hiyo omba sana kwamba mume wako ni kama wanaume wengi ninaowajua na kwamba gazeti analianzia nyuma, kwenye mpira, na kuliishia huko huko.

Na la mwisho. Umeniambia yule mtoto alifika umri wa kusimama kwa kushika viti. Hukuniambia anaitwa nani, na sidhani ulikuwa unamtunzia siri. Nadhani hukuuliza. Ulirudi kumtazama nahodha ambaye sura yake iko kwenye mabango yote.

Muulize. Si leo, siku nyingine, kwenye episodi mbovu utakayoichagua mwenyewe, alama mbili juu ya kumi ikiwezekana. Akikutajia jina, usiniandikie.