Vibao vya Njia ya Hori

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Hamjambo huko? Na mgongo wa shemeji umepoa, au bado anakaa upande kama mtu anayesubiri kupigwa picha? Sisi huku tu wazima, ukiuliza miili. Ukiuliza vichwa, cha Baba kimetulia, ila changu kimevurugika kiasi kwamba jana nilimkabidhi mgeni baiskeli isiyo na mnyororo, naye akaniangalia kwa huruma tu. Ndiyo maana ninakuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, na jambo hili likikatizwa katikati linaonekana baya kuliko lilivyo. Au pengine ndivyo lilivyo. Mimi mwenyewe sijui.

Unaikumbuka njia aliyoichagua Baba kwa ajili ya wanaokodi baiskeli zetu. Inatoka dukani, inapita katikati ya mashamba na vile vilima vya upole ambavyo hata mzee anavipanda bila kushuka, halafu inafuata kingo za hori, pale bahari inapoingiza vidole vyake nchi kavu, na kuzunguka hadi nyumbani. Kila njia panda Baba aligongomea kibao chenye mshale wa manjano, ili mgeni ajiendee mwenyewe bila kuongozwa. Miaka yote hiyo hakupotea mtu, labda wale wanaopenda kupotea.

Basi mvua zilipokatika, wageni wakaanza kurudi wakisifu mahali nisipopajua. Walinieleza habari za daraja dogo la mbao, maji ya chumvi yanayofika hadi nyuma ya nyumba, na bata wanaovuka njia kwa mstari kama watu wa ofisini. Tena kulikuwa na mama mmoja mfuma viti, aliyewapa maji ya kunywa na kuwapumzisha kivulini. Wengine waliniletea hata salamu zake. Walisema mama wa viti anauliza kama mwenye duka hajambo. Nikajibu sijambo. Nilifikiri ni mteja niliyemsahau, na kwa aibu ya kusahau nikaanza kumrudishia salamu. Hebu fikiria, Dada, miezi mizima ninasalimiana na mtu nisiyemjua.

Baba alikuwa kwenye benchi lake mlangoni, gurudumu mapajani, akikaza spoku. Tangu aache kuendesha, akisingizia magoti, hiyo ndiyo kazi yake. Kila mgeni aliyerudi alimkamata kwa maswali. Je, mlango wa yule mama ulikuwa wazi? Alikuwa anafuma kiti cha namna gani? Alikuwa amekaa au amesimama, na sauti yake ilikuwaje? Nilimwomba asiwachoshe watu. Aliitikia, na alipokuja mwingine akaanza upya. Nikasema moyoni, kumbe uzee huja na umbeya.

Kisha likatokea la kuniamsha. Mwalimu mmoja mstaafu na mkewe walifuata mishale hadi kwenye njia ya chini kando ya hori, maji yakiwa yanajaa. Tope likawashika magurudumu, maji yakawafika magotini, na yule mke akaanguka akavunjika kifundo cha mkono. Mama wa viti ndiye aliyewasikia wakipiga kelele, akawatupia kamba akiwa amejifunga kwenye nguzo ya daraja. Mwalimu aliporudi hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Alisema kwa upole tu kwamba kibao chetu ndicho kilichowapeleka kule.

Kichwa changu kikakimbilia kwa jirani yetu Kengele, yule mwenye duka la baiskeli ng'ambo ya barabara. Nikavuka nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba kama anataka kuniua njaa, anijie uso kwa uso asicheze na vibao. Aliniuliza vibao gani. Alikuwa ameshika pampu, na mdomo wake ulibaki wazi. Nilirudi nikiwa na hakika kabisa, lakini hata kabla ya kufika kizingitini hakika yenyewe ilikuwa imeanza kuniponyoka.

Asubuhi yake nikachukua baiskeli, spana na bisibisi nikaenda mwenyewe. Kwenye njia panda ya tatu baada ya mashamba nikakuta mshale unaelekeza kushoto, kwenye nyasi, wakati njia yetu inakwenda kulia. Palipokuwa na msumari sasa palikuwa na skrubu; nikaifungua ili nikigeuze kibao. Chini ya kichwa cha skrubu palikuwa na kipande kidogo cha mpira wa tyubu, kilichokatwa duara. Dada, unajua ni nani peke yake duniani anayeweka mpira chini ya skrubu ili isilegee. Nilikaa chini, nikasahau hata kuiegemeza baiskeli, nayo ikajilaza shambani.

Sikukigeuza. Nilifuata mshale. Maji yalikuwa yamepwa, kwa hiyo nilipita salama, nikakuta daraja, nikakuta bata, nikamkuta na yeye barazani, mikono imejaa matete anayoyavuna palepale kwenye hori. Ni mtu mzima, si mzee sana, mwembamba kama mimi, na ana namna ya kukutazama kana kwamba ulichelewa ila amekusamehe. Aliniita binti wa mwenye duka kabla sijajitambulisha. Akauliza mzee hajambo. Nilipojibu hajambo, alirudia swali hilohilo polepole, kana kwamba sikulisikia. Ndipo nilipong'amua kwamba salamu zote zile hazikuwa zangu.

Nilirudi nikitaka kugomba. Baba alikuwa kwenye benchi lake. Nikaweka kile kipande cha mpira kwenye kiganja chake. Hakukitazama. Alikifinya, akakizungusha kati ya vidole, akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. Na hapo, Dada, nikaona nilichokuwa nikikitazama kila siku bila kukiona: uso wake ulikuwa umeelekea begani kwangu, si machoni.

"Macho, mwanangu," akasema. "Magoti hayana neno."

Alinieleza yote bila haraka. Unakumbuka baada ya msiba ulisema kiti cha Mama kisiondolewe sebuleni na asikikalie mtu. Hakuna aliyekikalia, lakini kamba zake zilioza zenyewe. Baba akakifunga kwenye keria ya baiskeli akakipeleka kwa yule mfuma viti, ambaye watu walikuwa wakimsifia. Kilipokuwa tayari alikwenda kukichukua, na wiki iliyofuata akaenda tena bila kiti. Akawa anakwenda. Wanakunywa chai, anamkazia misumari ya daraja, anarudi. Anaapa kwamba hakuna zaidi, nami ninamwamini, ingawa sijui kwa nini kumwamini kulinifanya nilie.

Kisha ukungu ukaanza kumwingia machoni. Daktari alimwambia hautaondoka, na kwamba siku si nyingi hataona hata barabara. Hakutuambia. Alijua wewe ungefunga safari mara moja na mimi ningemnyang'anya spana. Mara ya mwisho kwenda kule alirudi akiikokota baiskeli, akipapasa njia kwa mguu, na katika kila njia panda ya upande ule akasimama kukigeuza kibao.

Nikamuuliza kwa nini. Si angeniomba tu nimpeleke? Akasema angeniambia anakwenda wapi, kwa nani? Hata yeye hakuwa na jina la kuliita jambo lile.

"Nilitaka watu wapite kwake," akasema. "Halafu warudi hapa wanihadithie."

Hakuwa amefikiria maji kujaa. Habari za kifundo cha mke wa mwalimu zilimwingia vibaya. Alikwenda kuwaomba radhi mwenyewe, akiwa ameshika bega langu. Mimi nilimwendea Kengele, na huyo hakunirahisishia kama mwalimu.

Sasa nifike kwenye lile nililokuwa nalizungukazunguka, maana bado hujui lote. Vibao vyote alivyovigeuza nimevirudisha kulia. Lakini juzi nilitoa stoo ile baiskeli ya watu wawili, nikampandisha Baba kiti cha nyuma, na kumpeleka kwa njia ya juu, isiyofikwa na maji. Njia nzima alinitajia vilima kabla hatujavifikia. Tulipokanyaga mbao za daraja, mama wa viti akasimama, matete yakamdondoka.

"Nilidhani watoto wamekukataza," akamwambia.

Baba akasema hatukumkataza, hatukuwa tunajua. Akanyoosha mkono upande usio sahihi kidogo, naye yule mama akasogea hadi mkono ulipokuwa. Alielewa upesi kuliko mimi niliyekaa naye nyumba moja.

Nilipotaka tuondoke, Baba aliomba abaki mpaka Jumapili. Aliniomba mimi, Dada, kama mtoto anayeomba kulala kwa shangazi, na mimi nikakubali bila kukuuliza. Sijui kama nimemsaliti Mama. Tena sijui kama ningemkatalia ningekuwa nimemsaliti Baba. Nimekaa nikijaribu kukasirika na sipati pa kuanzia. Wewe ndiye mkubwa, niambie, ila ukinijibu usimjibie Mama, maana mimi nimejaribu kumjibia na majibu yake yananijia mawili kila mara.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mwambie shemeji alalie ubao, si godoro. Watoto wabusu, na yule mdogo mwambie baiskeli yake ipo, inamsubiri miguu irefuke. Mimi nilirudi salama jioni ileile, peke yangu kwenye baiskeli ya watu wawili, na katika vilima vyote vile pedali za nyuma zilikuwa zikizunguka zenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Spoku